Nani Amekula Chaji?

Kuna maneno matatu ambayo siku hizi husikika katika kila nyumba: "Simu imekaa tu." Mtu analalamika kwamba usiku aliiacha simu yake ina chaji ya kutosha, asubuhi ameikuta imepungua vibaya, naye anaapa kwamba hakuigusa. Hakupiga wala hakupigiwa, na kioo kilikuwa giza usiku kucha. Imekaa tu. Nami niliwahi kuyasema maneno hayo, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu, na kwa ajili yake nikamwadhibu mtoto asiye na kosa. Ndiyo sababu leo nakusudia kuyapinga hadharani, pamoja na wote wanaonufaika nayo.

Ualimu niliusomea chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilifundisha hesabu na sayansi, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi iliyokuwa chini ya chuo cha ualimu. Kila mwaka wanachuo walikuja kwetu kujifunza kufundisha, nami niliwapa sheria moja kabla hawajashika chaki: usiseme umejua kabla hujapima. Nilikuwa mkali sana juu ya sheria hiyo. Kumbe mtu akistaafu huweza kustaafu hata na yale aliyowafundisha wengine.

Nyumba yangu iko bondeni, wilayani Lushoto. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliniletea simu janja ili tuonane sura tunapozungumza. Kila usiku saa tatu niliiweka juu ya kabati la sebuleni na kwenda kulala. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuta zaidi ya robo ya chaji imetoweka. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya nne nilifanya hesabu ya kuondoa, ile tunayoifundisha darasani. Nyumbani tuko watatu. Mimi sikuigusa. Mke wangu ana kitochi chake na hiyo yangu haitaki hata kuiona. Akabaki mjukuu wetu wa darasa la sita.

"Babu, sijaishika," alisema.

Nikamjibu kwamba kwa miaka thelathini na tano nimewasikia watoto wakisema hivyo hivyo. Nikamnyima kwenda uwanjani kwa wiki mbili, na katika wiki hizo darasa lake lilicheza mechi waliyoingoja muhula mzima. Alikaa kwenye ngazi za nyuma akisikiliza kelele za wenzake kutoka ng'ambo ya bonde. Hakunijibu vibaya. Laiti angenijibu, labda ningejisikia vizuri zaidi.

Lakini chaji iliendelea kuliwa. Usiku mmoja niliifungia simu kabatini na ufunguo nikauweka katika mfuko wa shati nililolala nalo. Nilipoifungia ilikuwa na asilimia 86. Asubuhi ilikuwa na 60. Nilikaa kitini nikiwa na ufunguo mkononi, nisijue la kumwambia mtu.

Nikapanda gari hadi mjini kwa fundi. Aliipindua simu mara moja, bila kuifungua, akasema, "Mwalimu, betri imekufa hii. Leta elfu thelathini." Nikamwuliza kama ameipima. Akacheka kwa heshima: "Mzee wangu, hizi ninazijua." Hapo ndipo nilipojisikia aibu, maana nilijiona mwenyewe katika maneno yake. Yeye alimhukumu betri kama mimi nilivyomhukumu mtoto: hakumwona mwingine. Sikulipa. Nikarudi nyumbani na daftari.

Nilifanya jaribio ambalo mtoto yeyote wa darasa la sita aweza kulifanya. Usiku ule wa kabatini, simu ikiwa na kila kitu kama kawaida, ilikuwa imepoteza asilimia 26. Usiku uliofuata nilizima data, nikaacha laini tu ili nipigiwe. Ikatoka 84 ikafika 77, yaani ilipoteza 7. Usiku wa tatu niliiweka katika hali ya ndegeni, isizungumze na mtu wala mnara. Ikatoka 88 ikafika 86. Saa zilikuwa zile zile tisa, kabati lile lile, betri ile ile. Basi betri haikuwa imekufa. Betri iliyokufa ingejionyesha hata usiku wa tatu.

Msomaji wangu, naomba tusome hesabu hiyo pamoja, kwa sababu ndani yake mna kesi yangu yote.

Asilimia 2 ndizo za simu yenyewe kuwa hai: saa yake, kumbukumbu yake, na uvujaji mdogo wa betri. Uvujaji huo ni mdogo kweli. Betri hizi za lithiamu, ambazo Sony walianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo kwa kuzibuni Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, zikiachwa bila kazi hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi mzima. Atakayekuambia kwamba chaji "huvuja yenyewe" kwa robo nzima usiku mmoja, mwambie akapime.

Asilimia 5 zilizoongezeka usiku wa pili ndizo za mnara. Simu yenye laini haiwezi kulala usingizi mzito. Kila baada ya sekunde chache huamka na kusikiliza kama mnara unaiita, na mara kwa mara huujulisha mnara mahali ilipo. Mnara ukiwa karibu, kazi hiyo ni nyepesi. Ukiwa nyuma ya mlima, kama wetu, simu hulazimika kupaza sauti, na sauti kubwa hula nguvu nyingi. Ikiwa na laini mbili, ina wakubwa wawili wa kuwasikiliza. Kwa asilimia hizo 5 sina ugomvi na mtu. Nimetaka kupigiwa simu usiku nikihitajiwa. Gharama yake nailipa kwa moyo mweupe.

Zimebaki asilimia 19. Hizo ndizo zilizomnyima mjukuu wangu mechi yake.

Nilimwomba mtoto huyo huyo anioneshe, maana vidole vyake vinajua njia. Tuliingia kwenye Mipangilio, tukafungua ukurasa wa betri, tukakuta orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imekula. Baadhi zilikuwa zangu halali: ile ya ujumbe, iliyokuwa ikipokea picha za kundi la wastaafu wenzangu hadi usiku wa manane, na ile ya kuhifadhi picha. Lakini zilikuwamo nyingine ambazo sijazifungua maishani mwangu. Moja ya kuuza bidhaa, moja ya video, moja ya hali ya hewa iliyokuwa ikiuliza kila mara niko wapi, kana kwamba mzee wa miaka yangu huhamahama usiku. Mbili kati ya hizo zilikuja na simu kutoka dukani na hazifutiki. Kioo kilikuwa giza, mwenye nyumba amelala, nazo zilikuwa zinaingia na kutoka, zinatuma na kupokea, zinatafuta matangazo ya kunionesha asubuhi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakuiona simu, lakini mfuko wa shati waliujua.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu anaona mizimu. Basi niseme mambo mawili yanayojulikana. La kwanza: mwaka 2015 Google walipotoa Android 6.0 waliweka ndani yake utaratibu unaoitwa Doze. Kazi yake ni kuzizuia programu zisiamkeamke ovyo pale simu inapokuwa imetulia, kioo kimezimwa na haiko kwenye umeme. Ni jambo jema, nalo lingali likifanya kazi. Lakini hakuna anayeajiri mlinzi wa usiku mahali pasipo na wapitao usiku. Na mlinzi huyo ana orodha ya wale wanaoruhusiwa kupita.

La pili ni kisa cha tochi. Mwaka 2013, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimshitaki mtengenezaji wa programu iliyoitwa Brightest Flashlight, ambayo watu mamilioni walikuwa wameiweka katika simu zao. Ilikuwa tochi tu, ya kumulikia. Tume ilieleza kwamba programu hiyo ilikuwa ikituma kwa wengine, wakiwamo watu wa matangazo, mahali alipo mwenye simu na namba ya kuitambulisha simu hiyo. Tena ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali masharti. Shauri likaisha kwa makubaliano mwaka huo huo. Fikiri, msomaji: umewasha tochi ili uone njia ya kwenda chooni, kumbe tochi inakumulika wewe.

Sasa nitazame upande wa pili, maana mwalimu asiyesikiliza pingamizi ni mwalimu mbovu. Vijana huniambia: "Babu, programu hizo ni za bure. Hukulipa kitu. Unataka nini tena?" Nawajibu hivi. Jirani yangu wa chini ya bonde hana umeme. Simu yake huipeleka kwenye kibanda cha dukani na kulipa shilingi 500 kila inapojazwa. Ikiwa robo ya chaji hiyo inaliwa usiku na programu asiyoitumia, basi ameilipia shilingi 125 usiku mmoja, na bando juu yake. Bure hiyo ni ya nani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeiandika programu hiyo ofisini, penye umeme usiokatika, haoni uzito wa asilimia chache katika simu ya mtu mwingine. Anayeuona ni yule anayeshuka bondeni na simu iliyozimika, na mgonjwa amemwacha nyumbani.

Wengine husema: "Ndivyo teknolojia ilivyo, simu kubwa hula sana." Hilo nalo tulipime. Nokia 1100, kile kitochi kilichotolewa mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na betri ya miliampia-saa 850. Miliampia-saa ni kipimo cha ujazo wa betri, kama lita zilivyo za ndoo. Watengenezaji wake walitangaza kwamba ikikaa bila kuzungumza yaweza kufika saa 400. Simu janja nyingi za leo zina betri ya miliampia-saa 5,000, karibu mara sita. Kama zingekunywa kwa kiasi cha kitochi, zingekaa siku 98 bila kuchajiwa. Nakubali kwamba simu janja ina mitandao mingi ya kusikiliza, na ahadi za tangazo huwa tamu kuliko matumizi ya nyumbani. Ipunguze basi siku hizo hadi nusu, hata hadi robo. Bado utabaki na wiki tatu, nasi tunagombana juu ya usiku mmoja. Tofauti hiyo haikuletwa na ndoo ndogo. Imeletwa na wingi wa vikombe vinavyochota.

Tena wapo wanaofagia programu zote kutoka kwenye kioo kila baada ya dakika tano, wakidhani wamezifukuza. Sipendi kuwavunja moyo, lakini nyingi ya hizo zilikuwa zimesimama tu, na kuzianzisha upya hula chaji zaidi ya kuziacha zilale. Vibaya zaidi ni kuweka programu ya "kuokoa betri" uliyoiona kwenye tangazo. Ni kama kumwajiri mwizi mpya awalinde wezi wa zamani.

Sitaki kumwonea fundi. Betri huchakaa kweli. Kila inapojazwa na kutumiwa hupungua uwezo kidogo, na joto huiharakisha; anayeiacha simu juani mbele ya gari au anailaza chini ya mto huku inachajiwa anaiua kwa mkono wake. Ikiwa simu yako inapoteza sana hata katika hali ya ndegeni, basi huenda fundi ana haki. Lakini hapo nako kuna jambo la kulalamikia. Kitochi kilifunguliwa kwa ukucha, betri ikabadilishwa mezani. Simu hizi zimegundishwa kwa gundi, mwenye nazo asiguse. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakizipunguzia kasi iPhone zenye betri zilizochakaa, wakaomba radhi, na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 serikali ya Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Kosa lenyewe halikuwa kupunguza kasi. Kosa lilikuwa kutowaambia wateja. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya mwaka 2023, uliweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vifaa vidogo zitapaswa kuweza kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, ingawa yapo ya kusamehewa. Wenzetu wamedai. Sisi tumesema simu imekaa tu.

Basi madai yangu ni haya, nayo si mengi. Programu inayotaka kufanya kazi usiku katika simu yangu ibishe hodi, itaje shughuli yake, na ikikataliwa iondoke. Isiyofunguliwa kwa mwezi inyamazishwe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa miaka, jembe hawajaligusa, na chakula wanakula. Muuza simu amwoneshe mnunuzi ukurasa wa betri kabla hajapokea fedha, kama muuza mchele anavyomfungulia mteja gunia. Na sisi walimu, tuliostaafu na mlio kazini, tuwafundishe watoto kuusoma ukurasa huo kama tulivyowafundisha kusoma mita ya maji.

Wakati madai hayo yakingojewa, mtu asikae mikono mitupu. Usiku zima data ikiwa huihitaji, simu zikiendelea kuingia. Fungua Mipangilio, tazama nani amekula, mnyime data ya chinichini yule usiyemjua, na ruhusa ya kujua ulipo mwachie anayeihitaji tu. Futa usichotumia. Penye mtandao hafifu sana na huna simu unayoingoja, hali ya ndegeni ni rafiki. Mimi nilifanya hayo yote isipokuwa la mwisho, na sasa usiku hunigharimu asilimia 8 au 9 badala ya 26. Ile elfu thelathini ya fundi ilinunua viatu vya mpira.

Viatu hivyo havikuwa zawadi. Jioni ile tulipomaliza kuisoma orodha ya programu, nilimwita mjukuu wangu sebuleni mbele ya bibi yake, nikasimama, nikamwambia kwamba nilimhukumu bila kupima na kwamba namwomba radhi. Aliangalia chini kwa muda, kisha akasema, "Babu, hata mimi ningedhani ni mimi." Neno hilo lilinichoma kuliko lawama. Mtoto alikuwa ameanza kuikubali hukumu yangu dhidi ya macho yake mwenyewe.

Tangu siku ile usingizi wangu umekuwa kama wa simu. Naamka na kusikiliza. Nakumbuka chaki zilizopotea ofisini, daftari la mahudhurio lililochanika, dirisha lililovunjika siku ya Jumamosi, na watoto waliosimama mbele yangu wakisema si wao. Baadhi walikuwa wao. Lakini wote niliwahukumu kwa hesabu ile ile ya kuondoa, na hesabu hiyo haifai kitu ikiwa hujui ni wangapi waliokuwamo chumbani. Kumbe siku zote palikuwa na uwezekano wa mmoja zaidi ambaye sikumhesabu.

Kwa hiyo, msomaji, asubuhi utakapoikuta simu yako imepungua, usimtazame kwanza mtoto, wala msichana wa kazi, wala mgeni aliyelala kwako. Wala usikubali mtu akuambie kwamba imekaa tu. Haikukaa. Ilifanya kazi usiku kucha, na swali la haki ni moja: ilimfanyia nani?